Cheti cha Miezi Sita: Hesabu Kwanza, Karo Baadaye

Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, wazazi wa Pwani huletewa habari za kozi fupi za afya: usaidizi wa wauguzi, utunzaji wa wazee na wagonjwa majumbani, uhudumu wa zahanati. Ahadi ni ile ile. Miezi sita au mwaka mmoja, cheti mkononi, kisha kazi hospitalini au tiketi ya Ghuba. Mara nyingi karo hutoka kwenye chama cha mama, au kwenye dhahabu yake iliyowekwa rehani. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi tufungue daftari.

Upande wa matumizi, karo haiji peke yake. Kuna yunifomu, ada ya mtihani, nauli ya kila siku kutoka Mtwapa au Likoni, na malipo ya mafunzo ya vitendo hospitalini. Tuseme yote ni shilingi 100,000. Hiyo ni ya mfano, weka yako.

Upande wa mapato, amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida Mombasa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Huyo hakuulizwa cheti. Sasa kama zahanati ya mtaani itampa mwenye cheti shilingi 18,000, kusoma kumemwongezea chini ya shilingi 1,900 kwa mwezi. Kurudisha ile laki moja kutamchukua miezi 53, karibu miaka minne na nusu, na hatujahesabu muda aliokaa darasani bila kipato. Akilipwa 25,000, pesa zitarudi kwa takriban mwaka mmoja. Karo ni moja, cheti ni kimoja, na tofauti yote iko kwenye mshahara.

Mshahara huo unategemea sana leseni. Baraza la Wauguzi la Kenya husajili wauguzi waliopita katika mafunzo na mtihani wake. Kozi ya miezi sita haimwingizi mtu katika daftari hilo. Asiye na leseni ni rahisi kubadilishwa, kwa hivyo hana nguvu ya kudai nyongeza. Hatari kubwa zaidi ni pale mwenye zahanati anapomwambia binti huyo achome sindano au atundike dripu kwa sababu muuguzi hayupo. Mgonjwa akidhurika, leseni ya kumlinda hana.

Wakala naye atakwambia soko liko ng'ambo. Uingereza ilifunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya wa matunzo kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Saudia nako, anayetaka kazi ya uuguzi hospitalini hudaiwa usajili wa taaluma, na cheti cha miezi sita hakiutoi. Asiye nao anaweza kujikuta ni mfanyakazi wa nyumbani mwenye mzee wa kuinua, watoto wa kuogesha na vyombo vya kuosha, kwa mshahara mmoja. Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha wakala yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usome mkataba umeandika kazi gani.

Haya yote hayaifanyi kozi kuwa ya bure. Kiharusi, kisukari na uzee viko majumbani mwetu. Familia nyingi za Kiislamu hutaka mama yao aogeshwe na ageuzwe kitandani na mwanamke anayejua kazi, na zilizo na uwezo hulipa. Binti mwenye alama za D, mwenye moyo wa kazi hiyo, aliyefunzwa kuzuia vidonda vya kitandani na kupima presha, ana riziki ya halali hapo. Kwake kozi fupi yenye bei nafuu ni uamuzi wa busara.

Aliyepata C ni habari nyingine. Stashahada ya uuguzi ya KMTC ni miaka mitatu, chuo hicho kina matawi Mombasa, Kilifi, Msambweni na Lamu, na mkopo wa HELB unaweza kuombwa. Hata huko ajira si ya uhakika, tumewaona wahudumu wa afya wakiandamana kudai mikataba ya kudumu. Lakini anayemaliza na kufaulu mtihani wa Baraza ana leseni, na leseni hiyo inamruhusu kuomba kazi kokote nchini.

Kwa hivyo mzazi, ukifika kwenye ofisi ya chuo uliza mambo matatu. Je, chuo na kozi hii vimesajiliwa na TVETA au mamlaka nyingine inayohusika? Mwanangu akimaliza, atakuwa kwenye daftari la nani? Na wanafunzi watatu waliomaliza mwaka jana wako wapi leo, naweza kuzungumza nao? Chuo cha kweli hakitakasirika. Kikikujibu kwa kukuharakisha ulipe kabla nafasi hazijaisha, rudi nyumbani na pesa zako.

Serikali za kaunti zetu nazo zina wajibu. Zinajua zahanati zipi zinawatumia wasaidizi kama wauguzi. Zikikagua hilo, zitamlinda mgonjwa, na zitamlinda pia binti aliyelipiwa karo kwa dhahabu ya mamake.