Kisu Hakimalizi Nyama za Pua

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Pua imeziba miaka na miaka. Harufu ya sombe jikoni haisikiki tena. Usiku unalala kinywa wazi, na makamasi mazito yanashuka kooni. Mganga anakupima, anasema: ni sinuziti ya siku nyingi, tena umeota nyama za pua, inafaa upasuliwe. Toka Kabambare ao Kasongo, njia ya kumfikia mganga mpasuaji wa pua ni ndefu. Mbuzi wanauzwa, jamaa wanachanga, mnasafiri. Unarudi unapumua vizuri. Watu wanasema: «Ugonjwa umekwisha.»

Hapo ndipo tunapokosea.

Nyama za pua ni ngozi laini ya ndani iliyovimba na kuning'inia. Kisu kinaziondoa na kufungua njia ya hewa. Lakini ugonjwa unaozizaa unabaki ndani ya ngozi hiyo. Ni kama kufyeka shamba na kuacha mizizi.

Waganga wa Gent, katika Ubelgiji, waliwafuata wagonjwa wao kwa miaka 12 baada ya kupasuliwa, wakatoa habari hiyo mwaka 2019. Katika watu 38 waliopimwa mwishoni, nyama zilirudi kwa 30, na 14 walipasuliwa tena. Hata hivyo, kwa jumla taabu yao ilikuwa ndogo kuliko kabla ya kisu. Basi kupasuliwa kunasaidia kweli, lakini si mwisho wa matunzo.

Tena mwaka 2012, waganga wa Leuven, katika inchi ileile, walionyesha kwamba kati ya waliopasuliwa mara nyingi, wengi zaidi walikuwa watu wa kazi zenye vumbi, moshi ao dawa kali. Wewe unayetoboa mawe, habari hiyo inakuhusu.

Kwa hiyo, nyama zikirudi, usimlaumu mganga, wala usitafute mchawi. Fanya hivi:

1. Safisha pua kila siku kwa maji ya chumvi: kijiko kidogo kimoja cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa.

2. Endelea na dawa ya kupuliza puani kama ulivyoagizwa, hata ukijisikia mzima. Tangu siku ya kuchanga pesa, wekeni sehemu ya dawa hiyo.

3. Acha tumbako. Mama, ukiweza, pika nje ili moshi usijae nyumbani.

4. Kama una pumu pamoja na nyama za pua, usimeze aspirini bila kumwuliza mganga. Kwa wengine inafunga pumzi ghafula.

5. Pua ikiziba upande mmoja tu, ao ikitoka damu mara kwa mara, nenda upimwe upesi. Inaweza kuwa ugonjwa mwingine.

Na ninyi wakubwa wa kazi, kapita na shefu: mtu aliyetoka kupasuliwa asirudishwe siku ya kwanza penye vumbi. Mwamba utobolewe kwa maji, maski zigawiwe, na aliyepasuliwa apewe nafasi ya kwenda kupimwa. Kumrudisha vumbini ni kutupa bure mbuzi wa jamaa yake.

Kisu kinafungua njia. Kuilinda ni kazi yetu sote, kila siku.