Banda Umiza Nalo ni Jukwaa

Nimechoka kuwasikia wasomi wenzangu wakidai kwamba mtafsiri wa banda umiza “anaharibu filamu”. Wanatetea nini hasa? Projekta ya jumba la sinema hurusha picha ileile kwa sauti ileile, awepo mtazamaji au asiwepo. Mtafsiri mwenye kipaza sauti, Kampala au Dar es Salaam ya enzi za kanda za VHS, husimamisha video, humbatiza mpiganaji wa Hong Kong jina la mtaani, hujibizana na ukumbi. Hayo ni maonyesho hai. Kesho hayarudi yalivyokuwa. Wala si kituko cha Kiafrika: Japani ya filamu bubu ilikuwa na benshi, msimulizi ambaye aghalabu alivuta watu kuliko mwigizaji. Hata magari ya sinema ya wakoloni yalifika vijijini na mkalimani.

Kuhusu hakimiliki sibishi, mwenye filamu alipwe. Lakini tukimwona mtafsiri kuwa mwizi tu, idara zetu za sanaa za maonyesho zitaendelea kumpita. Sauti ya Lufufu imebaki katika kanda. Zile jioni za ukumbini tumezihifadhi wapi?