Sumu ya panya na mikono mitupu



Watoto sita wa Naledi, Soweto, walipofariki Oktoba 2024 kwa sumu iitwayo terbufosi, macho yote yaligeukia maduka madogo ya mitaani yaitwayo spaza. Sawa. Lakini katikati ya Johannesburg wachuuzi bado wanapima chembe nyeusi za sumu hiyo, wakiiuza kama sumu ya panya, kwa kizibo cha soda, mikono mitupu, kisha wanafunga vipakiti na kula chakula cha mchana papo hapo. Hao hakuna anayewauliza hali.

Terbufosi ni dawa ya shambani, haikuidhinishwa kutumika majumbani. Hupenya ngozini na kuzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Anayeishika kila siku huenda asianguke leo. Maradhi yanayohusishwa na dawa za jamii ya terbufosi huja polepole: kutetemeka, kusahau, ganzi ya vidole. Mbili kati ya dawa hizo, malathioni na diazinoni, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka mwaka 2015 katika kundi la zinazoelekea kusababisha saratani.

Serikali ilitangaza mwaka 2025 kuipiga marufuku terbufosi. Vizuri, ila marufuku haimpimi mtu damu, na kipimo cha kimeng'enya hicho kipo. Wachuuzi na wapulizaji dawa wapimwe bure kwenye kliniki za mtaa, bila kuulizwa vibali vya ukaazi. Nanyi ndugu zangu mnaoifanya kazi hii, vaeni glavu, na nguo za kazi msizifue pamoja na za watoto.

Msomaji wenu,
Yeoville, Johannesburg