Mama Anapobadilishiwa Dawa ya Ukomo wa Hedhi



Ndugu Waislamu, jambo tunalolileta safari hii halisemwi sana katika mimbari zetu, na hata majumbani husemwa kwa minong'ono. Tumeona ni wajibu kulisema, kwa sababu limegusa swala za mama zetu, funga zao na afya zao.

Mwezi wa Shaabani, baada ya darsa la akina mama hapa Nduruma, mama mmoja mtu mzima alibaki nyuma wenzake walipotawanyika. Alisubiri mpaka watoto wa madrasa wote watoke, ndipo akasema: "Mwanangu ustadh, leo ni siku ya ishirini sijaswali, na sijui kama nina haki ya kutoswali."

Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mitatu nyuma. Joto la ghafla lilimwandama mchana shambani na jasho likamlowesha usiku, mpaka akakosa usingizi. Daktari wa mjini akampa vidonge vya homoni, naye akatulia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Baadaye presha yake ilipopanda, daktari akaona vidonge havimfai tena, akamhamishia kwenye plasta ya dawa inayobandikwa kiunoni, pamoja na kidonge kingine cha kumeza usiku. Plasta hizo si za kupatikana katika kila duka la dawa, basi binti yake aliyeko Muscat akamtumia. Wiki ya pili joto likarudi, na matone ya damu yakaanza. Mama yule akaacha kuswali. Hakumwambia mumewe, wala hakurudi kwa daktari. Kile kidonge cha usiku alikuwa amekiacha tangu siku ya kwanza, akidhani plasta imechukua nafasi ya kila kitu. Sasa alitaka kuitupa na plasta yenyewe.

Nasi tunakiri kosa letu. Miaka michache nyuma mama mwingine alituuliza swali la namna hii, tukalipita haraka na kumwambia akamuulize mwanamke mwenzake. Ilikuwa ni haya isiyokuwa mahali pake. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Fatima binti Abi Hubaysh alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza wazi kuhusu damu isiyokatika, akajibiwa kwa upole na ufafanuzi. Ikiwa Mtume hakulionea aibu swali hilo, sisi ni nani hata tulikimbie?

Tuanze na upande wa tiba, kwani hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Ukomo wa hedhi huthibiti mwanamke anapotimiza miezi 12 bila ya damu, na kwa wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Si ugonjwa, na wako wengi wanaoupita bila ya kuhitaji dawa yoyote. Wako pia wanaotaabika kwa joto, kukosa usingizi, maumivu ya viungo na huzuni, na hao tiba ya homoni huwapa nafuu kubwa.

Tiba hiyo ina sura nyingi: vidonge vya kumeza, plasta ya kubandika, jeli ya kupaka, na dawa za kuweka ukeni. Homoni iliyo msingi wake ni estrojeni. Ikimezwa, hupita kwanza katika ini, na sehemu kubwa yake huvunjwa huko. Kupita huko ndiko kunakoongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Inayopita katika ngozi huingia moja kwa moja katika damu, na kwa vipimo vya kawaida haikuonekana kuzidisha hatari hiyo. Ndiyo sababu daktari humhamisha mwenye presha, mwenye uzito mkubwa au mwenye historia ya maradhi ya mishipa kutoka kidonge kwenda plasta au jeli.

Kuhama huku kuna mitihani yake. Namba iliyoandikwa kwenye kidonge hailingani na iliyoandikwa kwenye plasta, kwani kidonge hupimwa kwa miligramu na plasta kwa mikrogramu za kila siku. Ngozi za watu nazo hazifanani: mmoja hunyonya dawa vizuri, mwingine kidogo. Joto likirudi wiki za mwanzo, huenda kipimo kinahitaji kurekebishwa, na daktari ndiye wa kukirekebisha. Matone ya damu yasiyo na mpangilio nayo ni jambo la kawaida katika miezi 3 ya mwanzo wa tiba au ya mabadiliko yake. Anayetupa dawa wiki ya pili hajaipa nafasi ya kufanya kazi.

Hata hivyo, damu isichukuliwe kuwa jambo jepesi. Ikiendelea baada ya miezi 3, au ikiwa nyingi, au ikimtoka mama ambaye hedhi yake imekoma naye hatumii dawa yoyote, aende hospitali akapimwe bila ya kuchelewa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na kutokwa na damu ni katika dalili zake. Tumesikia wanaosema, "Ni umri tu." Neno hilo limewachelewesha wengi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, nalo ndilo lililompata mama yetu. Mwanamke mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Estrojeni ikikosa mwenziwe hufanya ngozi ya ndani ya kizazi kuwa nene, na baada ya muda huweza kuzaa saratani. Homoni ya pili, projesteroni au iliyo mfano wake, ndiyo inayokilinda kizazi. Kuna vidonge na plasta zenye zote mbili, na kuna plasta zenye moja tu. Anayehamishwa lazima aulize: "Hii ina homoni ngapi? Ile ya pili naipata wapi?" Na binti aliyeko ughaibuni asimtumie mama yake dawa kwa kuona rafiki yake anaitumia. Atume ile iliyoandikwa na daktari, kwa jina lake na kipimo chake.

Plasta ibandikwe chini ya kiuno au kwenye makalio, juu ya ngozi safi na kavu, isiyopakwa mafuta, wala isibandikwe kwenye matiti. Kila inapobadilishwa ihamishwe mahali. Huku kwetu tambarare jua ni kali, na mama anayeinama kwenye mifereji ya kumwagilia tangu asubuhi hutokwa na jasho linaloibandua. Ikimshinda, amweleze daktari, huenda jeli ikamfaa zaidi. Nayo jeli ikauke kabla ya kuvaa nguo, mikono ioshwe, na mtoto asiguse palipopakwa.

Sasa tuje kwenye ibada. Kwanza, damu. Katika fiqhi ya Imamu Shafi, ambayo wengi wa jamaa zetu wanaifuata, hedhi haipungui mchana mmoja na usiku wake, wala haizidi siku 15. Matone ambayo jumla yake haifikii kiasi hicho ni istihadha: mama huswali na hufunga, akijisafisha na kutawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Damu inayotimiza masharti ya hedhi huhesabiwa hedhi hata kama mama alishakata tamaa nayo. Ikivuka siku 15, istihadha imeingia, na mwenye ada yake ya zamani, ikiwa damu haipambanuki kwa rangi wala nguvu, hurejeshwa kwenye ada hiyo. Mama yetu ada yake ilikuwa siku 7, basi tukamweleza kwamba siku zilizozidi azilipe swala zake. Alilia, kisha akasema kilichomuuma ni kwamba angeuliza siku ya kwanza asingebeba deni hili.

Pili, twahara. Plasta ya kiunoni haipo katika viungo vya udhu, kwa hiyo udhu haudhuriki. Katika josho la wajibu maji yanatakiwa yafike mwili mzima, basi aibandue, aoge, akaushe ngozi na kuibandika tena, na ikikataa kushika abandike nyingine. Mwenye kuhofia madhara kwa kuibandua amuulize mwanachuoni wake, kwani mlango wa hukumu za bendeji uko wazi. Jeli ya kupaka mkononi haifai kuoshwa mapema. Hutakiwa ipite saa moja hivi. Apake baada ya swala ya Alfajiri, na Adhuhuri itamkuta dawa imekwisha kuingia.

Tatu, funga. Kidonge kinachomezwa mchana kinafunguza, basi kihamishiwe usiku kwa ushauri wa daktari. Ama plasta na jeli, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 10, Jeddah, mwaka 1997, liliamua kwamba kinachonyonywa na ngozi, yakiwemo mafuta ya kupaka na plasta za dawa, hakibatilishi funga. Mwenye kubadilishiwa dawa karibu na Ramadhani asiiache kwa dhana.

Nne, wapo wanaouliza kuhusu asili ya dawa. Ni kweli ziko estrojeni zinazotokana na mkojo wa farasi jike wenye mimba, zilizotumika Marekani tangu miaka ya 1940. Lakini nyingi za plasta na jeli za leo asili yake ni mimea. Mwenye wasiwasi amuombe daktari hiyo ya mimea, na mlango wa shaka utafungika.

Pengine msomaji atasema, "Si tulisikia dawa hizi zinaleta saratani?" Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati wake baada ya kuonekana ongezeko la saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Wanawake wale walikuwa wakimeza vidonge, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Uchambuzi uliofuata ulionesha kwamba kwa anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 ya ukomo wake, faida kwa wengi huishinda hatari. Hatari haikufutika: aliyewahi kupata saratani ya matiti, au anayetokwa na damu isiyojulikana sababu yake, asianze bila ya kupimwa. Ndiyo maana dawa hii haiazimwi jirani kwa jirani kama chumvi.

Wala asidhani mama wa Nduruma kwamba taabu ya kubadilishiwa dawa ni yake peke yake. Mwaka 2022 nchini Uingereza jeli iliadimika madukani, serikali ikaweka kikomo cha dawa ya miezi 3 kwa kila mgonjwa, na wanawake wengi wakalazimika kuhamia aina nyingine. Nao waliamka usiku na jasho wakauliza kulikoni.

Enyi waume, neno letu la mwisho ni kwenu. Mkeo amelala nawe miaka 30, amekuzalia na kukulelea. Leo akifunua shuka usiku wa manane, au akikujibu kwa ukali siku asiyolala, usikimbilie kusema amebadilika tabia. Amebadilishiwa dawa. Mpe miezi 3 ya subira. Fuatana naye Hospitali ya Mount Meru au kituo chochote anakotibiwa, usikie kwa masikio yako. Gharama ya dawa yake ihesabu pamoja na unga na mafuta ya nyumba yako. Na umwekee daftari: tarehe ya kubadili plasta, siku ya damu na kiasi chake, usiku wa joto. Daftari hilo hilo daktari atalisoma kwa ajili ya kipimo, na mwalimu atalisoma kwa ajili ya swala.

Nanyi maimamu, wekeni darsa moja la akina mama kwa ajili ya mlango huu, mkaribisheni na muuguzi wa kike, na wekeni kisanduku cha maswali yasiyoandikwa majina. Sisi kwetu tumekwisha kukiweka. Wiki ya kwanza tulikuta karatasi 11, na 9 kati ya hizo ni za damu.

Mama yetu yule alirudi kwa daktari, amerudishiwa kidonge chake cha usiku, na anaendelea na plasta. Kila baada ya swala ya Ishaa hulipa siku moja ya deni lake. Tunamuomba Mwenyezi Mungu amkubalie, awaponye mama zetu wote, na asitujaalie kuwa sababu ya mtu kuacha swala kwa kunyamaza kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.