Mpango wa Mji Usiachiwe Askari

Kila mara wachuuzi wanapoondolewa katika barabara za Kampala, askari ndiye huitwa wa mwisho, naye ndiye hulaumiwa wa kwanza. Yeye hakuichora ramani ya mji. Hakutoa kibali cha jengo lolote, wala hakupokea kodi ya duka. Hupewa amri alfajiri, akapanda gari, akashuka barabara ya Ben Kiwanuka au kando ya stendi ya zamani ya teksi, na mbele yake akamkuta mama mwenye beseni la nyanya na mtoto mgongoni. Yatakayotendeka hapo ndiyo wananchi watakayoyakumbuka. Ramani hakuna atakayeiuliza.

Sisi wa ukurasa huu twaandika kwa ajili ya ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, na kwa hiyo twaona yafaa jambo hili lielezwe tangu mizizi yake. Kuamua ni wapi maduka yajengwe, na yajengwe namna gani, ni kazi ya kalamu. Kalamu ikilala, rungu huitwa kuamka mahali pake. Lakini rungu haliwezi kurudisha njia ya miguu iliyokwisha kujengewa ukuta.

Mji huu umegawanywa kwa sheria tangu enzi za ukoloni. A. E. Mirams aliandaa mpango wake mwaka 1930, na katika miaka ya 1940 Ernst May, msanifu aliyezaliwa Ujerumani, akapanga upanuzi wa mji kuelekea Kololo na Naguru. Katika mipango ya zama hizo kilima kilikuwa na kabila lake: Wazungu Nakasero, Waasia mahali pao penye maduka na nyumba, na Mwafrika akatarajiwa kuja mjini kufanya kazi, jioni arudi zake. Mengo na vitongoji vyake havikuunganishwa na Kampala hadi mwaka 1968. Basi mzee aliyeyaona hayo akisikia leo neno "eneo la biashara" hukumbuka mstari uliochorwa kwa rangi ya ngozi, wala hatuwezi kumlaumu.

Serikali huru nayo ilichora mistari yake. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1969 ilimtaka asiye raia afanye biashara katika maeneo yaliyotangazwa tu. Mwaka 1972 Waasia wakapewa siku 90 kuondoka, na maduka yakahama mikono upesi kuliko yalivyojengwa. Soko la Owino, lililofunguliwa mwaka 1971, likakua likawa tumbo la mji. Tunayakumbusha haya kwa sababu wengi hudhani kwamba vurugu ya katikati ya mji ililetwa na wachuuzi wa juzi.

Sheria ya sasa haina upungufu mkubwa. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, na ikakataza mtu yeyote kuendeleza kiwanja bila idhini ya kamati inayohusika. Katika Kampala kazi hiyo imo mikononi mwa Mamlaka ya Jiji, iliyoanza kazi mwaka 2011. Mwenye kutaka kujenga maduka huulizwa kama mahali hapo pametengwa kwa biashara, jengo litakaa umbali gani kutoka barabarani, litafunika sehemu gani ya kiwanja, magari yataegeshwa wapi, malori yatapakulia wapi, na watu watatokea mlango upi moto ukizuka.

Hebu tulitazame hilo la moto. Katika nchi yetu kikosi cha zimamoto ni sehemu ya Polisi. Owino iliungua vibaya mwaka 2009, ikaungua tena mwaka 2011. Gari la zimamoto lina upana wake, nalo haliwezi kupenya katika uchochoro ulioachiwa nafasi ya mkokoteni. Kwa hiyo ile nafasi ambayo mwenye kiwanja ameila ili apate vyumba viwili zaidi vya kupangisha, atakayeidai siku ya msiba ni konstebo mwenye bomba la maji mkononi.

Tangu miaka ya 1990 katikati ya mji pamejaa arkedi, yaani yale majumba ya ghorofa yaliyogawanywa vijiduka vidogo vidogo, kila kimoja na mpangaji wake. Si jambo baya. Yamewapa wananchi wengi mlango wa kuingilia katika biashara ambao baba zao hawakuupata. Lakini kila apitaye huko ameona ghorofa ya chini ya ardhi, iliyochorwa kuwa maegesho ya magari, ikiwa imejaa viatu na vitenge. Magari yaliyotakiwa kukaa humo yamo barabarani. Lori linalopeleka mali Kikuubo hupakulia katikati ya njia, wapita njia wakashuka kwenye lami, na bodaboda wakapanda pale wapita njia walipotoka. Mchuuzi akija na turubai lake, huikuta njia imekwisha kuibwa. Yeye huchukua makombo.

Wengine watatuambia kwamba mbona maduka makubwa ya Lugogo, Garden City na Acacia yana maegesho mapana. Ni kweli. Wateja wengi wa huko huja kwa gari, na mwenye jengo asipowapa pa kuegesha hawaji. Huko faida na kanuni vinavuta kamba upande mmoja. Katika barabara ya Luwum mteja huja kwa miguu kutoka stendi, na mita chache za maegesho hazimletei mwenye nyumba chochote kama zinavyomletea zikiwa vyumba vya kupanga. Huko ndiko kanuni inakohitaji mlinzi, na huko ndiko mlinzi haonekani mpaka siku ya kufukuza wachuuzi.

Hatusemi kwamba mchuuzi hana kosa. Njia ya miguu ni ya mzee, ya kipofu na ya mwanafunzi, na mwenye duka alipaye kodi na leseni ana haki ya kulalamika mlango wake unapozibwa. Ingawa, na hili si siri, baadhi ya bidhaa zilizotandazwa mlangoni zimetoka katika duka lilo hilo, na mwenyewe huzitoa kwa mkono wa mchuuzi. Wala tusijifanye watu wa mbali. Nje ya kambi zetu nyingi, wauzao makaa na mihogo jioni ni wake zetu na dada zetu.

Mwezi Machi 2020, siku za mwanzo za korona, askari wa ulinzi wa maeneo walionekana wakiwachapa viboko wanawake wachuuzi katikati ya Kampala. Mkuu wa Majeshi aliomba radhi kwa niaba ya jeshi. Alifanya vyema, lakini jina la jeshi lilikuwa limekwisha kubeba doa kwa ajili ya kazi ambayo haikuwa ya vita. Mwezi Januari 2022 wachuuzi wakaondolewa tena barabarani kwa amri ya serikali. Kabla ya hapo walikuwa wameelekezwa soko la Usafi, na wengi hawakukaa, kwa kuwa biashara ya nyanya hufuata miguu ya watu, na miguu ilikuwa ikipita kwingine. Mpango uliotenga mahali pa soko bila kutazama teksi zinashusha watu wapi ulikuwa nusu ya mpango.

Tunashauri, basi, kwamba ofisa yeyote atakayeombwa kutoa askari kwa kazi ya namna hii atake kwanza kuonyeshwa karatasi mbili. Moja ni ile inayotaja mahali wachuuzi wanakopelekwa, kama pamefunguliwa, na ada yake kwa siku. Ya pili ni ramani zilizoidhinishwa za majengo ya barabara hiyo hiyo. Askari wakishuka asubuhi kuondoa mabeseni, na washuke siku hiyo hiyo pamoja na mkaguzi wa majengo katika ghorofa ya chini ya ardhi, wapime kilichochorwa na kilichojengwa. Mwenye arkedi apewe ilani yenye tarehe, kama mama wa nyanya alivyopewa yake, naye asipoitii afungiwe mlango. Ofisa atakayejibiwa kwamba ramani hizo hazionekani ofisini ana haki ya kuwabakiza watu wake kambini mpaka zionekane.