Mwizi wa Mifugo Ana Jina Lake

Mwingereza aliyeiba farasi miaka 200 iliyopita alihukumiwa kunyongwa. Wengi walipunguziwa adhabu wakapakiwa melini kwenda Australia, kutumikia miaka 7, 14 au maisha yao yote. Kati ya 1788 na 1868, wafungwa wapatao 162,000 wa makosa mbalimbali walivushwa bahari hivyo. Ulikuwa ukatili. Hata hivyo, kila mmoja alifikishwa mahakamani kwa jina lake na kusomewa kosa lake, na majirani zake wakabaki majumbani mwao.

Waingereza hao hao walipotawala Kenya, hata haki hiyo ndogo hawakuja nayo. Mwaka 1909 walitunga sheria ya adhabu ya pamoja. Sheria ya wizi wa mifugo ya 1913 ikaongeza faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa, na mwizi akishindwa kulipa, deni liliwaangukia jamaa zake, kisha ukoo wake.

Mwaka 1934 ndipo mambo yalipozidi. Serikali iliushutumu ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, kwamba unapanga wizi wa ng'ombe na kuchochea watu. Ikatunga sheria maalum ya kuwaondoa. Mamia ya watu, vikongwe na watoto wachanga wakiwemo, walitolewa Kericho na kutupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Waliruhusiwa kurudi 1962. Mtoto aliyezaliwa uhamishoni mwaka ule wa kwanza alikuwa sasa mtu mzima wa miaka 28, na ng'ombe wa mtu hajawahi kumgusa.

Mwaka huo huo wa 1934, wilaya za kaskazini zilipata sheria yao: mkuu wa mkoa angeweza kuitangaza jamii nzima kuwa adui, watu wake wakakamatwa na mifugo yao ikachukuliwa. Kenya huru iliirithi, na haikufutwa hadi 1997.

Wazee wa Iftin na mitaa jirani ya Garissa hawahitaji kusimuliwa matunda yake. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, mtaa wa Bulla Karatasi uliteketezwa na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi, siku kadhaa bila chakula wala maji. Novemba 2012 sheria ilikuwa imekwisha kufutwa, lakini wanajeshi watatu walipopigwa risasi, soko la Suq Mugdi lilichomwa moto. Mama aliyeuza nguo pale alikuwa na hatia gani?

Wako wanaojibu kwamba Wasomali wa huku wenyewe hulipa mag, yaani fidia ya damu, kwa ukoo, basi serikali imefuata mila tu. Hoja hiyo haisimami. Kabla ya ngamia mmoja kutolewa, wazee wa pande mbili huketi chini ya mti, mashahidi wakasikilizwa na mkosaji akatajwa. Ukoo huchanga kumsaidia mtu wake, na mali humfikia aliyeumizwa. Kuuchoma mtaa kabla ya kumuuliza mtu yeyote ni jambo jingine kabisa.

Wizi wa ngamia haufai kuchekewa. Familia iliyoporwa kundi lake inaweza kulala njaa siku hiyo hiyo. Lakini Katiba ya 2010 inampa kila mshtakiwa haki ya kusikilizwa, na mahakama iko hapa hapa Garissa. Makamanda wa usalama waache misako ya mtaa mzima, wamtafute mwenye kosa. Nasi wananchi na wazee tusimfiche mwizi kwa sababu ni mwana wa ukoo wetu: tumtaje, tumkabidhi, ashtakiwe yeye.