Jiko la mkaa lisilale bandani na mtoto

Tuchukue mfano wa familia moja ya Ntalikwa, nje ya mji wa Tabora. Ni mwezi Juni na shule zimefungwa. Baba anafunga nyavu kwenye pikipiki, tayari kwa siku nne za kuvua kambale na perege upande wa mto Ugalla. Safari hii amesema kijana wake wa miaka 14 atakwenda naye, akajifunze kazi.

Mama hana raha. Anawaza mamba, anawaza kiboko, anawaza baridi ya kipupwe. Anaongeza sweta kwenye begi, anaongeza blanketi, mwisho anatoa jiko dogo na mfuko wa mkaa.

“Baba watoto, mkizidiwa na baridi mliwashe humo humo bandani. Mfunge turubai vizuri, upepo usiingie.”

Maneno hayo ameyasema kwa upendo. Lakini katika safari nzima hiyo, hakuna hatari iliyo karibu na mtoto kuliko agizo hilo. Mamba yuko mtoni na kiboko yuko njiani kwake. Jiko atakuwa nalo hatua mbili kutoka kichwani, mlango umefungwa.

Mkaa usio na moshi si salama

Wengi huamini kwamba mkaa ukishashika na kuwa mwekundu, moshi umeisha na hatari imeisha. Sivyo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Moshi wa kuni humtoa mtu nje akikohoa, lakini gesi hii humwacha amelala.

Ikivutwa, huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, kwa sababu inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, lakini ubongo unakosa oksijeni. Mtoto huathirika haraka kuliko mtu mzima kwa kuwa anapumua kwa kasi zaidi. Mama mjamzito naye yuko hatarini pamoja na mtoto aliye tumboni.

Tatizo hili si la Tabora peke yake. Katika nchi za baridi kali kama Finland na Canada, maziwa huganda juu, na watu hutoboa barafu na kuvua kupitia tundu hilo. Wavuvi hukaa ndani ya hema dogo au kibanda wanachokiweka juu ya barafu, na humo huwasha kijiko cha gesi ili wapate joto. Kabla ya kusimamisha hema wanatakiwa kupima unene wa barafu; kwa mtu anayetembea kwa miguu, kipimo kinachoshauriwa sana ni sentimeta 10 za barafu ngumu. Lakini hata barafu ikiwa nene, onyo lingine linabaki pale pale: hema lililofungwa likiwa na moto ndani linaweza kuua. Kwa sababu hiyo huambiwa waache matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu, na moto uzimwe kabla ya kulala.

Ukipima hali hiyo na ya Ugalla, utaona kilichotofautiana ni baridi tu. Kosa ni lile lile.

Turubai au nyasi?

Mzazi anayemruhusu mtoto kwenda kambini ana haki ya kuuliza swali moja: atalala kwenye nini?

Turubai la plastiki ni jepesi kubeba na linazuia umande, lakini halipitishi hewa. Likivutwa mpaka chini pande zote, linakuwa kama mfuko. Lifungwe kwa mfano wa paa, ncha mbili zibaki wazi au nusu wazi, na upande uliofungwa uelekee unakotoka upepo. Kamba zikazwe kwenye mambo zilizozama vizuri, maana upepo wa usiku ukiling’oa turubai, watu wataamka na kulifunga ovyo ovyo gizani.

Banda la nyasi lina joto zaidi na hewa hupenya kidogo, lakini cheche moja inatosha kulimaliza. Nyasi za Juni zimekauka. Kwa banda la namna hiyo, koroboi na mshumaa visiingie kabisa, itumike tochi. Mlango uwe mpana kiasi cha watu wawili kutoka kwa haraka, na usifungwe kwa nje.

Hema la dukani ni zuri likiwa na madirisha ya wavu juu. Yasizibwe kwa nguo kwa sababu ya baridi.

Katika makazi yote hayo matatu sharti ni moja. Matundu ya hewa ni kwa ajili ya watu kupumua, wala si ruhusa ya kuingiza jiko.

Mahali pa kulala

Wazee wa Unyamwezi waliijua kambi. Katika karne ya 19, wapagazi waliobeba pembe za ndovu na nguo kati ya pwani na Ujiji walipita Tabora, na njiani walilala kwenye vibanda vya nyasi vilivyozungushiwa miiba, huku jioni wakikusanyika kwenye moto uwanjani. Mpangilio huo bado unafaa.

Kambi isiwe ukingoni mwa maji. Kiboko hutoka usiku kwenda kula majani na hupita njia zake zile zile. Ukiona njia iliyokanyagwa kutoka mtoni, usijenge juu yake wala karibu nayo. Maji yachotwe mchana, na mtoto asitumwe mtoni peke yake.

Banda lisiwe chini ya mti wenye matawi makavu. Nyasi zifyekwe kulizunguka. Moto wa kupikia uwe mbali na banda, upande ambao upepo hautapeleka cheche kwenye nyasi, na usiku uzimwe kwa maji au mchanga kabla ya kulala. Samaki wasihifadhiwe wanakolala watu, maana harufu huita fisi.

Chandarua kifungwe kabla giza halijaingia, na kingo zake ziingizwe chini ya mkeka. Mchana, mtoto avae shati la mikono mirefu na suruali, kwa sababu ya ndorobo wanaoeneza malale.

Joto bila jiko

Baridi nyingi ya usiku hutoka ardhini. Kabla ya kuongeza blanketi la juu, ongeza la chini: nyasi kavu nyingi, juu yake mkeka, juu yake blanketi moja. Mtoto avue nguo alizolowa mtoni na alale na kavu, soksi miguuni na kofia kichwani. Ale ugali wa moto jioni na aote moto nje mpaka mwili upate joto, ndipo aingie. Blanketi zianikwe juani kila mchana.

Watu wawili wakilala karibu karibu, joto lao linatosha kuliko wengi wanavyodhani.

Msikimbilie kusema ni malaria

Dalili za gesi hii ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na akili kuchanganyikiwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu wa Tabora akiamka na kichwa kizito na kichefuchefu, neno la kwanza ni malaria. Anapewa dawa na kurudishwa kulala bandani, kwenye gesi ile ile.

Jiulizeni: je, waliolala pamoja wameamka na maumivu kwa wakati mmoja? Je, wakikaa nje wanapata nafuu? Kama ndiyo, na kulikuwa na moto ndani, shukuni jiko.

Mtoeni mgonjwa nje kwenye hewa safi mara moja, naye anayeingia kumtoa asikawie humo ndani. Asiachwe alale ati apumzike. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu hata akisema amepona, na mwambieni mganga waziwazi kwamba alilala na mkaa unaowaka. Maelezo hayo ni muhimu kwa sababu kipimo cha kidoleni cha oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati damu imebeba gesi. Tiba yake ni oksijeni.

Kabla ya kuondoka

Eneo la Ugalla lilipandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Mahali alipovua babu kwa kibali cha msimu huenda leo pako ndani ya mipaka. Baba amuulize afisa uvuvi na viongozi wa kijiji husika wapi panaruhusiwa, kisha amwambie mama jina la mahali hapo, watu watakaokuwa nao na siku ya kurudi. Mtoto asibebwe kwenda kuvua kwa kujificha. Anayejificha usiku hawezi kuita msaada.

Na mzazi ambaye hana mvuvi nyumbani asiipite makala hii. Kijana aliyepanga chumba karibu na shule, mama aliyejifungua anayekandwa katika chumba kilichofungwa, familia inayoingiza jiko ndani mvua ikinyesha: wote hao wamo kwenye banda lile lile.

Turudi Ntalikwa. Pikipiki imeshawashwa. Mama bado anaweza kulifunga lile jiko kwenye mzigo, kwani kambini watapika. Kinachotakiwa kubadilika ni agizo lake, na ni vizuri amwambie kijana mwenyewe, baba akisikia:

“Mwanangu, jiko ni la kupikia. Ukiingia kulala, libaki nje. Na mtu yeyote akiliingiza, hata akiwa mkubwa wako, wewe toka umwambie baba yako.”

Kijana wa miaka 14 huona haya kuwakosoa wakubwa kambini. Akiwa ametumwa na mama yake, atapata la kusema.